Majina ya Vitafunio vya Nansio na Historia Iliyomo Ndani Yake

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kupita vyote vilivyomo katika Ziwa Victoria, na Nansio ndio mji wake mkuu na bandari yake. Katika karne ya kumi na tisa kisiwa hiki kilisifika hata pwani. John Hanning Speke alipofika kando ya ziwa mwaka 1858 na kulipa jina la malkia wa Uingereza, wafanya biashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walikuwa wakiliita zamani Bahari ya Ukerewe. Yaani ziwa lote lilichukua jina la mahali palipojulikana na wasafiri. Jambo hilo lafaa kukumbukwa tangu mwanzo, kwa sababu laonyesha kwamba jina la kitu aghalabu husimulia habari za yule aliyelitamka kuliko habari za kitu chenyewe.

Katika mji wa Nansio, kama katika miji mingi ya Tanzania, chai ya asubuhi huandamana na vitu vidogo vidogo: maandazi, vitumbua, chapati, sambusa, bagia, na kashata. Sokoni huuzwa vingine visivyohitaji chai: muhogo mtamu wa kuchemsha, karanga, njugu mawe, ndizi mbivu, machungwa ambayo kisiwa kimesifika kwayo, na viazi vitamu vilivyokaushwa kwa desturi ya watu wa kandokando ya ziwa, viitwavyo michembe na matobolwa. Vyote hivyo huhesabiwa kuwa vitu vyepesi, na kwa hiyo wanahistoria hawakuvitilia maanani sana. Habari za watawala, pembe za ndovu na pamba zimeandikwa. Habari za andazi hazikuandikwa. Makusudi ya makala haya ni kuyachungua majina ya vyakula hivyo, na kuonyesha kwamba yamegawanyika mafungu mawili: majina yanayotaja njia ambayo chakula kilipitia, na majina yanayotaja tendo ambalo kwalo chakula hutengenezwa. Fungu la pili ndilo lenye hatari ya kupotea, na kupotea kwake si hasara ya lugha peke yake.

Yafaa kuanza na neno lenyewe kitafunio. Limetokana na kitenzi kutafuna, kama vile kinywaji kilivyotokana na kunywa. Ni desturi ya lugha za Kibantu kukipa kitu jina kutokana na kazi yake au namna kinavyotendwa. Andazi vilevile lina uhusiano na kitenzi kuandaa, na zamani maana yake ilikuwa pana kuliko ilivyo leo, yaani chakula chochote cha namna ya pekee kilichoandaliwa na mpishi. Mkate wa kumimina hujieleza wenyewe: ni mkate ambao unga wake hauponzwi wala hausukumwi, bali huwa uji mzito unaomiminwa katika chombo. Msikiaji asiyepata kuuona mkate huo hukaribia kujua namna unavyopikwa kwa kulisikia jina lake tu.

Sasa tofauti ya maneno yaliyotoka ng'ambo itaonekana. Chapati ni neno la Kihindi, nalo kwao lina maana ya kitu kilichofanywa bapa. Bagia limetoka katika Kigujarati, na asili yake ni neno lenye maana ya kukaanga. Kaimati, kitafunio kipendwacho sana pwani wakati wa futari, ni neno la Kiarabu lenye maana ya vitonge vidogo. Halua, vilevile ya Kiarabu, ni kitu kitamu tu. Sambusa ina safari ndefu zaidi, kwa kuwa jina lake lilianza katika Kiajemi, likaingia Kiarabu, na kwa upande mwingine likafika India, ambako huitwa samosa. Sukari yenyewe ilitoka katika lugha ya Sanskriti ya India, ikapita Uajemi na Uarabuni kabla ya kufika pwani ya Afrika Mashariki. Na neno la Kiingereza lenye maana hiyo ni tawi la shina hilohilo.

Katika orodha hiyo liko jambo moja la kuangaliwa. Majina hayo kwao yalikuwa majina ya matendo na sifa, sawasawa na andazi na mkate wa kumimina. Mhindi akisikia chapati husikia ubapa. Mwarabu akisikia kaimati husikia udogo wa tonge. Lakini Mswahili, na zaidi Mkerewe aliyelipokea neno kutoka kwa Mswahili, hasikii ubapa wala tonge. Husikia jina tu, na pengine hujua kwamba limetoka kwa watu wa ng'ambo. Kwa hiyo neno linapovuka bahari huacha tendo nyuma, likachukua njia badala yake. Mwanafunzi wa historia hupata faida katika mabadiliko hayo, kwa sababu neno ambalo limekwisha sahau maana yake bado hukumbuka lilikotoka.

Je, njia hiyo ilifikaje Nansio? Mwanzo wake ni misafara ya karne ya kumi na tisa. Kutoka Bagamoyo njia kuu ilikwenda Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na kutoka hapo tawi moja lilielekea kaskazini mpaka kwenye ziwa. Henry Morton Stanley alipofika Kageye, katika pwani ya Usukuma, mwaka 1875, aliwakuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha fanya makao huko. Na katika mwaka huohuo alipata mitumbwi kwa mtawala wa Ukerewe, Omukama Lukonge. Mmoja wa wafanya biashara hao, aliyejulikana kwa jina la Songoro, alijenga jahazi kisiwani, na mwaka 1877 aliuawa huko pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, katika ugomvi uliotokea kati yao na Lukonge. Watu wa namna ya Songoro walileta nguo, shanga na bunduki. Na pamoja nao mchele na desturi za mapishi ya pwani zilienea katika vituo vya bara.

Lakini msafara wa wapagazi haukuweza kuchukua vitafunio mpaka kwenye meza za watu wote. Chapati yahitaji unga wa ngano. Andazi lahitaji ngano, sukari na mafuta mengi. Vitu hivyo vilivyobebwa kichwani miezi mitatu vilikuwa vya watu wenye mali tu. Reli ndiyo iliyogeuza mambo. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada ya hapo meli za moshi zikaanza kuzunguka ziwa zikichukua bidhaa kutoka Mombasa. Kwa upande wa Tanganyika, reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake la Mwanza likamalizika mwaka 1928. Sukari nayo ikasogea karibu: kiwanda cha Lugazi, nchini Uganda, kilianza mwaka 1924, na cha Kakira mwaka 1930. Zao la pamba likawapa wakulima fedha za kununulia, na maduka ya Wahindi katika bandari ndogondogo yakawapa mahali pa kununua. Chai, sukari na unga mweupe vikawa vitu vya mtu wa kawaida, angalau siku za sikukuu na siku za kuuza pamba.

Ndipo lilipotokea jambo jingine. Vitafunio vya pwani vilipofika ziwani vilikosa nazi. Pwani, maandazi hukandwa kwa tui na iliki. Vitumbua ni mchele ulioroweshwa, ukasagwa, ukachanganywa na tui, sukari na hamira, kisha ukamiminwa katika chuma chenye vishimo. Na kashata ya nazi ndiyo ya kwanza kutajwa. Visiwani minazi si zao la watu, na nazi hutoka mbali. Basi kashata ya ziwani ikawa hasa kashata ya karanga: sukari huyeyushwa mpaka igeuke rangi, karanga zilizokaangwa na kumenywa hutiwa ndani yake, na mchanganyiko hutandazwa na kukatwa ungali moto. Maandazi yakakandwa kwa maji au kwa maziwa ya ng'ombe. Vitumbua vikaendelea kwa mchele, maana mpunga hulimwa Ukerewe. Majina yakabaki yaleyale. Vilivyomo ndani yake vikabadilika. Hivyo mtu akitafuta historia ya vyakula kwa kufuata majina peke yake atadhani kwamba pwani ilihamia Nansio nzima, kumbe Nansio iliyapokea maneno ikayajaza mazao yake.

Hatari ya pili ya kufuata majina peke yake ni kudhani kwamba kabla ya ngano na sukari watu wa visiwani hawakuwa na kitu cha kutafuna wala utamu wowote. Dhana hiyo haina msingi. Aniceti Kitereza, mwandishi Mkerewe aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1981, aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu aliyoimaliza mwaka 1945, naye mwenyewe akaifasiri kwa Kiswahili. Ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Katika kitabu hicho mapokezi ya wageni, upishi na utengenezaji wa pombe ya ndizi vimeelezwa hatua kwa hatua, kwa kuwa nia ya mwandishi ilikuwa kuzihifadhi desturi za wazee wake. Msomaji hukuta humo jamii iliyokuwa na adabu kamili ya kula na kukaribisha, isiyongoja meli ya moshi.

Utamu ulikuwamo katika ndizi mbivu, katika asali, katika miwa na katika viazi. Kisiwa jirani cha Ukara, ambacho wakulima wake walisifika kwa kutia mbolea mashambani na kulisha ng'ombe zizini, kilikuwa na njugu mawe zilizolimwa kwa zamu na uwele. Kilimo chao kilikwisha andikwa mwaka 1936 katika toleo la kwanza la Tanganyika Notes and Records. Njugu hizo huchemshwa na kuliwa vivi hivi. Jina lake la Kiswahili lataja ugumu wake, nalo ni jina la haki, kwa kuwa mmea huo ni wa Afrika tangu asili, hali karanga zilitoka Amerika ya Kusini.

Ushuhuda mwingine ni kahawa. Ukoo wa Wasilanga uliotawala Ukerewe wasimulia kwamba asili yake ni Ihangiro, katika nchi ya Wahaya. Na Kikerewe chenyewe ni ndugu wa Kihaya na Kizinza kuliko Kisukuma kinachosemwa ng'ambo ya maji karibu yake. Wahaya walikuwa na kahawa kabla ya kuja Wazungu, lakini hawakuinywa. Waliivuna ingali haijaiva sana, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, na kumpa mgeni aitafune. Kwao, basi, kahawa ilikuwa kitafunio kwa maana halisi ya neno. Pwani kahawa ilikuwa kinywaji, na kutokana nayo likapatikana neno mgahawa. Tunda ni moja. Vitenzi ni viwili, kutafuna na kunywa, na kila kitenzi kina ustaarabu wake.

Hapa ndipo michembe na matobolwa yanapopata umuhimu wake. Mgeni afikapo Mwanza au Nansio na kuona vipande vya viazi vilivyokauka, huambiwa kwa kurahisishiwa kwamba hivyo ni viazi vikavu. Tafsiri hiyo ina kosa, kwa sababu yaunganisha vitu viwili ambavyo wenyeji wamevitenga. Kwa michembe, viazi vilivyovunwa huachwa siku chache vinyauke, humenywa, hukatwa vipande vyembamba, kisha huanikwa juani vikiwa vibichi, aghalabu juu ya majabali ambayo nchi hiyo imejaaliwa kwa wingi. Kwa matobolwa, viazi huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa. Neno matobolwa hata kwa umbo lake la mwisho lafanana na maneno yaliyozaliwa na kitenzi cha kutendwa: ni vitu vilivyokwisha tendwa.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Michembe ni mibichi, kwa hiyo lazima ipikwe kabla ya kuliwa, nayo huchemshwa peke yake au pamoja na maharage, au huliwa na karanga au maziwa. Matobolwa yamekwisha pikwa, kwa hiyo mchunga ng'ombe, mvuvi na msafiri huweza kuyatafuna makavu bila moto wala chungu. La kwanza ni akiba ya nyumbani. La pili ni chakula cha njiani. Vyote viwili hudumu miezi mingi, na vilipitisha watu katika kipindi kati ya mavuno na mavuno, na katika miaka ya ukame. Watu wengine wa nchi za maziwa wana desturi ya jamaa moja na hii: Wateso wa Uganda hutofautisha amukeke, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na inginyo, yaani vilivyopondwa na kukaushwa. Kila mahali jina hushika tendo, na tendo hushika akiba.

Pengine patatokea mtu wa kupinga, akasema kwamba kiazi kitamu chenyewe ni mgeni, kwa kuwa asili yake ni Amerika, na kwamba kukiita chakula cha wenyeji ni kusahau historia. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu. Kiazi kitamu, muhogo, mahindi na karanga, vyote vilitoka Amerika. Tena jina mahindi lapotosha kabisa, kwa kuwa lataja India, ambako nafaka hiyo haikuanzia. Na viazi viitwavyo vya ulaya navyo asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Lakini hoja hiyo haivunji neno lililokusudiwa hapa, bali yalitia nguvu. Mmea waweza kuwa mgeni, na maarifa ya kuutengeneza yakawa ya mwenyeji. Watu wa ziwani waliupokea mmea usiokaa muda mrefu baada ya kuvunwa, wakavumbua njia mbili za kuufanya udumu, wakazipa majina mawili. Hayo ndiyo mali yao, na hayo ndiyo ambayo jina la jumla la viazi vikavu huyafuta.

Muhogo hutoa mfano mzito zaidi. Katika nchi za ziwa watu hutenga muhogo mtamu, unaoweza kuchemshwa, kuchomwa au hata kutafunwa mbichi, na muhogo mchungu, ambao una asili ya sumu ya sianidi na haufai kuliwa mpaka umetengenezwa. Udaga wa Kanda ya Ziwa ni muhogo uliomenywa, ukavundikwa au kuroweshwa mpaka ukachacha, kisha ukaanikwa na kusagwa. Sumu huondoka katika hatua hizo. Neno udaga, kwa hiyo, halitaji unga tu. Lataja siku kadhaa za kungoja. Mwaka 1985, baada ya ukame, vijiji vya wilaya ya Tarime, mashariki ya ziwa, vilipatwa na maradhi ya konzo, ambayo hupooza miguu ghafla, na aliyepooza hupona kwa nadra. Madaktari waliochungua habari hiyo walikuta kwamba watu, kwa kubanwa na njaa, walikuwa wamekula muhogo mchungu uliotayarishwa kwa njia ya mkato, hali hawakuwa na vyakula vya kutosha vya kujenga mwili. Jina konzo lenyewe ni la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Huo nao ni ushahidi kwamba neno la kienyeji laweza kuwa sahihi kama neno la daktari, na kwamba hatua ikirukwa katika kazi inayotajwa na neno, mwili hulipa.

Kutokana na mifano hiyo yote, jambo la jumla laweza kusemwa. Majina ya vitafunio yaliyotoka ng'ambo ni ramani: chapati na bagia zaonyesha njia ya India, halua na kaimati njia ya Uarabuni, sambusa njia ya Uajemi, na yote kwa pamoja yaonyesha misafara, meli na reli zilizoifikia Nansio. Majina ya wenyeji ni maagizo: michembe, matobolwa na udaga humwambia ajuaye nini kifanywe, kwa utaratibu gani, na kitu kitadumu muda gani. Ramani ikipotea yaweza kuchorwa upya kutokana na vitabu vya wasafiri na hesabu za forodha. Maagizo yakipotea hayana kitabu, kwa sababu waliokuwa nayo, aghalabu wanawake wazee, waliyafundisha kwa mikono.

Kiswahili sasa ndiyo lugha ya soko na shule katika visiwa vya Ukerewe, na watoto wengi hujifunza majina ya vyakula kwa lugha hiyo kwanza. Hilo si la kusikitikiwa, maana Kiswahili kilikua kwa kupokea. Kilipokea maneno ya Kiarabu, ya Kihindi, ya Kireno na ya Kiingereza bila haya, na hakuna sababu kiwe na haya mbele ya Kikerewe, Kikara, Kijita na Kisukuma. Lililo la lazima ni kwamba mtunga kamusi, akutanapo na neno la namna ya michembe, asiridhike kuandika aina ya viazi vilivyokaushwa. Aandike kama huanikwa vibichi au vilivyopikwa, kama huhitaji moto kabla ya kuliwa, na hudumu muda gani. Maelezo ya namna hiyo huchukua mistari mitatu tu ya kamusi. Mwalimu wa Nansio aweza kuwapa wanafunzi wake kazi hiyo bila gharama yoyote: kila mmoja amwulize bibi yake, aandike jina, aandike na hatua zake kwa mfuatano, tangu kuvuna mpaka kutafuna.